Mto wa Dakika Nne

Jumatatu ya Desemba 5, 1994, maduka ya santuri nchini Uingereza yalifungua milango yakiwa na albamu iliyosubiriwa kwa miaka mitano na nusu. Mnunuzi aliyekimbia nayo nyumbani, akaitia kwenye mashine na kukaa mkao wa kula, alichosikia ni maji. Mto unatiririka. Ndege wanalia. Ngoma zinadunda kwa mbali, gitaa linakoroma kidogo kisha linajinyamazia. Dakika ya kwanza ikapita hivyo, ya pili, ya tatu. Wimbo wenyewe, "Breaking into Heaven", ulianza dakika ya nne ikiwa imeshakatika.

Bendi ilikuwa The Stone Roses ya Manchester: Ian Brown mwimbaji, John Squire wa gitaa, Gary Mounfield wa besi aliyejulikana kwa jina la Mani, na Alan Wren wa drams, ambaye watu wote walimwita Reni. Albamu waliipa jina Second Coming, ujio wa pili, ule ambao Wakristo wanaungoja. Ilikuwa jeuri, lakini jeuri yenye hesabu yake. Albamu yao ya kwanza ilifunguliwa na wimbo wa mtu anayetaka kuabudiwa, ikafungwa na wa mtu anayejitangaza kuwa yeye ndiye ufufuo. Aliyefufuka hana budi kurudi.

Akarudi, na watu hawakujua waseme nini. Baadhi ya nyimbo zilikuwa moto. Nyingine zilikuwa gitaa tu, gitaa juu ya gitaa, kama mtu aliyealikwa kula akaletewa pilipili sinia nzima. Tangu siku hiyo wapenzi wa muziki wa magitaa Uingereza wamekuwa wakiulizana bendi ile iliingiliwa na nini. Jibu la haraka ni kwamba vipaji viliwakaukia. Jibu hilo halisimami ukiitazama historia ya bendi yenyewe, na hasa ukihesabu ni nani alikuwa chumbani, na lini.

Kwanza kabisa, mwanzo wao mzuri haukuwa mwanzo. Brown na Squire walikulia Timperley, kusini mwa Manchester, wakasoma shule moja ya sekondari, na bendi ilianza 1983. Reni aliingia mwaka uliofuata. Mnamo 1985 walirekodi nyimbo za kutosha albamu nzima chini ya Martin Hannett, prodyuza aliyeijengea bendi ya Joy Division sauti yake ya baridi na giza. Walipozisikiliza hawakuzipenda. Zikafungiwa kabatini, zikakaa humo miaka 11, hadi zilipotolewa 1996 kwa jina la Garage Flower, wakati ambao bendi yenyewe ilikuwa inakata roho. Kwa hiyo ile albamu ambayo dunia inaiita ya kwanza ilikuwa jaribio la pili. Walishawahi kukosea, na walikosea wakiwa hawana jina, mahali ambapo kukosea hakumgharimu mtu kitu.

Manchester ya miaka ile ilikuwa na muda mwingi wa kugawa. Ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, na viwanda vilikuwa vimefungwa. Majengo ya matofali mekundu yalibaki wazi, vijana wakiishi kwa posho ya serikali ya wasio na kazi. Squire alipata kibarua kwenye studio ya Cosgrove Hall akitengeneza vinyago vya filamu za watoto za televisheni. Bendi ilifanya mazoezi, ikapiga kwenye kumbi ndogo, ikafanya mazoezi tena. Mwaka 1987 akaja Mani, na hapo sahani ikapata kifuniko. Besi yake haikuwa ya kushikilia tu mapigo. Iliimba, mara nyingi kuliko mwimbaji mwenyewe. Na chini yake Reni alipiga drams kama mtu asiye na mifupa mikononi.

Silvertone ndiyo iliyowasaini. Ilikuwa kampuni mpya chini ya kundi la Zomba, lililoanzishwa London na Waafrika Kusini wawili, Clive Calder na Ralph Simon. Wakapewa John Leckie, prodyuza aliyejifunza kazi katika studio za Abbey Road. Leckie hakuwaletea mambo mengi. Aliwasafishia walichokuwa nacho. Albamu ya The Stone Roses ilitoka Mei 1989, na ndani yake kuna raha ya watu wanaojua wanachokifanya. Wimbo wa "Waterfall" unapoisha, unaofuata, "Don't Stop", ni kanda ile ile ya "Waterfall" iliyochezeshwa kinyumenyume na kutiwa maneno mapya. Jalada alilichora Squire kwa kumwaga na kurusha rangi, kwa mtindo wa mchoraji Mmarekani Jackson Pollock, kisha akapachika vipande vya limau. Malimau yale yalihusu wanafunzi wa Paris wa Mei 1968, ambao walitumia maji ya limau kupunguza makali ya mabomu ya machozi.

Na wimbo wa mwisho, "I Am the Resurrection", unapita dakika nane. Nusu ya kwanza ni maneno. Kisha mwimbaji anakaa pembeni na mashine inaachiwa. Aliyelelewa na muziki wa dansi wa Kinshasa, Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kinachotokea hapo: ni sebene. Gitaa, besi na drams vinapokezana, vinasimama ghafla, vinaanza upya, na hakuna mmoja anayemkanyaga mwenzake. Haiwezekani kuipiga hivyo bila kuwa mmesimama pamoja katika chumba kimoja mara mamia.

Albamu haikuvuma siku ile ile. Ilipanda polepole, kwa watu kuambiana. Agosti 1989 bendi iliujaza ukumbi wa Empress Ballroom huko Blackpool, mji wa mapumziko wa pwani ambako wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire walikuwa wakienda kucheza dansi tangu enzi za babu zao. Novemba wakatoa "Fools Gold", karibu dakika kumi za fanki ya kunong'ona, gitaa la wah-wah likilia juu ya mdundo wa duara ambao ulitoka moja kwa moja katika klabu za usiku. Huko klabu, hasa Haçienda ya Manchester, vijana walikuwa wameshahamia kwenye muziki wa mashine. The Stone Roses waliwarudisha kwenye magitaa bila kuwaondoa kwenye dansi. Novemba 23 walionekana katika kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, usiku mmoja na wenzao wa mji ule, Happy Mondays. Siku mbili kabla, kwenye kipindi kingine cha BBC, umeme wa vyombo vyao ulikatika wimbo ukiwa haujamaliza hata dakika moja, kwa kuwa sauti ilikuwa kubwa mno kwa mitambo ya studio. Brown akazunguka jukwaani akiwapigia kelele wahusika kwamba hawaijui kazi, huku mtangazaji akijitahidi kuendelea kama vile hakuna kitu. Kwa vijana wengi wa Uingereza, ile ndiyo ilikuwa siku walipoipenda bendi hiyo.

Mei 27, 1990, watu wapatao 27,000 walikusanyika Spike Island, kisiwa kilichozungukwa na viwanda vya kemikali huko Widnes, kando ya mto Mersey. Walitumbuizwa na madijei na kundi la wapiga ngoma kutoka Zimbabwe kabla ya The Stone Roses kupanda jukwaani. Upepo uliibeba sauti ukaipeleka upande mwingine, na wengi waliokuwa nyuma hawakusikia vizuri. Hilo halikuizuia siku ile kugeuka hekaya.

Dalili ya kwanza ya homa ilikuja Julai, na wachache waliitambua. Single mpya, "One Love", ilipanda hadi nafasi ya nne kwenye chati, juu kuliko zote walizowahi kutoa. Lakini ilikuwa "Fools Gold" iliyotiwa maji. Bendi iliyokuwa ikikimbia mbele ya kila mtu sasa ilikuwa inajifuata yenyewe.

Halafu wakaja mawakili. Kwa kweli polisi ndio waliotangulia: Januari 1990, kampuni iliyowahi kutoa single yao ya zamani, "Sally Cinnamon", iliirudisha sokoni pamoja na video ambayo bendi haikuipenda. Wanne hao wakaenda Wolverhampton na makopo ya rangi, wakaimwagia ofisi, bosi wake na gari lake. Mahakama ikawatoza faini. Mchezo huo wa rangi uliwafurahisha mashabiki; kesi iliyofuata haikumfurahisha mtu. Bendi ilitaka kutoka Silvertone, ikisema mkataba wake unanyonya. Silvertone ikapata zuio la mahakama: wasirekodi kwa ajili ya kampuni nyingine yoyote. Hukumu ilitoka Mei 1991. Jaji alikubaliana na bendi kwamba mkataba uliwafunga kupita kiasi na haukuwa wa haki, akauvunja. Hadi leo kesi hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria za burudani, na ni stahili yake, kwa kuwa kampuni nyingi ziliishi kwa kuwasainisha vijana wasio na wakili karatasi wasizozielewa.

Mara baada ya hapo Geffen, kampuni ya Marekani, ilileta mahari nono. Hapa ndipo hadithi inapogeuka, na inageuka mahali ambapo mashabiki hawapendi kupatazama. Hukumu ilikuwa ya haki, lakini mkataba mbaya ulikuwa na kitu kimoja ambacho mkataba mzuri haukuwa nacho: mtu anayegonga mlango. Geffen ilikuwa Los Angeles. Fedha zilikuwepo. Kwa mara ya kwanza maishani mwao hakuna aliyekuwa na haraka.

Desturi ya biashara ya santuri Uingereza ilikuwa kinyume kabisa. The Beatles walitoa albamu yao ya kwanza Machi 1963 na ya pili Novemba mwaka huo huo, na hakuna aliyeona ajabu. Kufikia miaka ya 1980 pengo lilikuwa limetanuka, lakini hofu ya albamu ya pili ilibaki ile ile na ilikuwa na sababu ya kawaida sana: nyimbo za albamu ya kwanza bendi imezipiga ukumbini kwa miaka, mbovu zikafa zenyewe, za albamu ya pili zinaandikwa hotelini, kati ya safari na safari, na msikilizaji wa kwanza ni mteja aliyekwisha kulipa. Bendi za dansi za Tanzania hazikuujua sana ugonjwa huo. Mlimani Park au Msondo walikuwa wanaingia Radio Tanzania na nyimbo ambazo wachezaji wa ukumbini walikuwa wameshazipigia kura kwa miguu yao, na wiki ijayo wangekuwa ukumbini tena. Mtungo ulikwenda barazani kabla ya kwenda kwenye kanda.

The Stone Roses waliliacha baraza. Baada ya kiangazi cha 1990 hawakupanda jukwaani hadi 1995. Katika miaka hiyo watoto walizaliwa na marafiki wakafa. Wakahamia Wales, kwanza katika nyumba ya kukodi kaskazini, kisha wakaishia Rockfield, studio iliyojengwa katika shamba la mifugo karibu na Monmouth, ambako mwanamuziki analala hapo hapo na kuamkia kazini. Msomaji wa Zanzibar ana haki ya kuijua studio hiyo: ndiko mtoto wa Mji Mkongwe, Freddie Mercury, na wenzake wa Queen walikorekodia sehemu ya "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975. Lakini Queen walikuwa na saa ukutani. The Stone Roses walikaa zaidi ya mwaka. Leckie, aliyekuwa nao tena mwanzoni, aliondoka 1993 kazi ikiwa haisogei, na albamu ikakamilishwa na Simon Dawson na Paul Schroeder.

Soma majina ya watunzi kwenye jalada na siri iko hapo hapo, imeandikwa kwa herufi ndogo. Katika albamu ya kwanza watunzi ni Squire na Brown, bega kwa bega. Katika Second Coming, nyimbo 9 kati ya 12 ni za Squire peke yake. Alikuwa amezama katika bendi ya Led Zeppelin na blues nzito ya Marekani, akiwa chumbani mwake na mashine ya kurekodia, akitandika gitaa juu ya gitaa. Alikuwa mpigaji mkubwa kuliko alivyokuwa 1989, hilo halina ubishi. Ila 1989 alikuwa anawaachia wenzake nafasi. "Driving South" ni maonyesho ya vidole. "Good Times" inanguruma bila kwenda popote. "Tears" inapanda ngazi za Led Zeppelin moja baada ya nyingine, na sauti ya Brown, ambayo siku zote ilikuwa ya kunong'ona na kuringa, inalazimishwa kupiga kelele isizoziweza.

Sasa sikiliza "Daybreak", wimbo pekee wenye majina ya wote wanne. Ni wimbo legelege, hauna kibwagizo cha kukumbukwa, lakini unapumua: besi inatembea, drams zinaijibu, gitaa linachungulia na kujificha. "Begging You", uliotungwa na Squire pamoja na Brown, ni mashine ya dansi yenye hasira, na pengine ndio pekee katika albamu unaosikika kama uliandikwa na watu waliokwenda mbele tangu "Fools Gold". Na haki itendeke: Squire peke yake ndiye aliyetunga "Ten Storey Love Song", ambao ungekaa kwenye albamu ya kwanza bila aibu, na "Love Spreads", single iliyotangulia Novemba na kufika nafasi ya pili, ikiwa na gitaa la slaidi lenye matope ya Mississippi na Reni akiwa juu ya farasi. Hapo wote wamo chumbani, mtunzi awe nani.

Baada ya wimbo wa mwisho, albamu haijaisha. Ukiacha CD iendelee kupita vipande vingi vya ukimya, ikifika namba 90 inatoa dakika kadhaa za bendi ikichezea fidla na piano kama watoto waliofungiwa stoo. Mwanzoni mto wa dakika nne, mwishoni mzaha wa namba 90. Mchuuzi mwenye haraka hapangi bidhaa namna hiyo.

Walipotoka shambani walikuta mji umeshapata wafalme wengine. Agosti 1994 Oasis, vijana wa Manchester waliokuwa miongoni mwa mashabiki wa The Stone Roses, walikuwa wametoa Definitely Maybe, ikaingia kwenye chati moja kwa moja namba moja. Walianza kuirekodi katika studio ya Monnow Valley, jirani kabisa na Rockfield, mwezi Januari. Jirani mmoja alimaliza kabla ya mavuno, mwingine bado alikuwa anapanga mbegu. Second Coming iliishia nafasi ya nne. Magazeti ya muziki, yaliyokuwa yamenuna kwa sababu bendi ilikataa kuhojiwa nayo na badala yake ikatoa mahojiano kwa The Big Issue, gazeti linalouzwa na watu wasio na makazi, hayakuwa na huruma. Kumpa mtu asiye na nyumba habari kubwa ya mwaka ili aiuze mtaani ni jambo la kupendeza kuliko sehemu kubwa ya albamu yenyewe.

Yaliyobaki yalikwenda kasi. Reni aliondoka kati ya Machi na Aprili ya 1995, hata ziara haijaanza. Juni, Squire alianguka na baiskeli karibu na San Francisco akavunjika mtulinga. Bendi ikajiondoa kwenye tamasha la Glastonbury, nafasi yake ikapewa bendi ya Pulp, na usiku ule ukawafanya Pulp kuwa mastaa. Aprili 1996 Squire naye akaaga. Brown na Mani walipanda jukwaa la tamasha la Reading mwezi Agosti na wapigaji wa kuajiri, Brown akaimba nje ya ufunguo kwa namna ambayo waliokuwepo wanaisimulia hadi leo, na Oktoba wakatangaza mwisho.

Mwaka 2011 wanne hao waliketi mbele ya waandishi wa habari wakasema wanarudi. Kuanzia mwishoni mwa Juni 2012 walipiga siku tatu mfululizo Heaton Park, bustani kubwa ya kaskazini mwa Manchester, na tiketi 220,000 ziliisha. Reni alikuwa nyuma ya drams. Walipiga karibu albamu yote ya kwanza, pamoja na zile single za zamani, na kutoka Second Coming wakachukua "Ten Storey Love Song" na "Love Spreads". Walimalizia kwa "I Am the Resurrection", na sebene lake lote. "Breaking into Heaven", na mto wake, haikupigwa.